SOMO: Umeumia kazini Mombasa, unadai vipi fidia yako

Nshachoka kujibu hili swali mtu mmoja mmoja. Kila wiki aja mtu na bandeji mkononi aniuliza aanzie wapi, na wengi wanakuja wamechelewa, roho yaniuma. Sheria ni ile ya 2007 ya fidia za majeraha kazini, WIBA. Someni mpaka mwisho ndo muulize.

1. Tibiwa. Gharama ni ya mwajiri.

2. Mwajiri ajue SIKU HIYO HIYO. Sheria yakubali hata kwa mdomo, lakini andika. Mimi kidole cha shahada kilibanwa na mlango wa kontena kwenye godauni, alfajiri, shifti yaisha. Supavaiza akanifunga kwa kitambaa cha kufutia oili, akanipa elfu mbili, akasema nenda nyumbani tutakushughulikia. Nikasafishwa kidonda duka la dawa, karatasi sikupewa, nikanyamaza. Miezi miwili baadaye kidole hakikunji, narudi naambiwa kitabu cha ajali hakina jina lako. Aliyeniokoa ni mwenzangu aliyekuwa ameshika upande wa pili wa ule mlango, akaandika alichokiona na nambari ya kitambulisho chake. Bila yeye ningekosa yote. Kwa hivo:
- Hospitali sema wazi umeumia kazini, na uangalie daktari ameandika hivo hivo. Ukiambiwa useme umeanguka bafuni kwako, KATAA.
- Usitie sahihi karatasi yoyote ya "tumemalizana" ati kwa sababu umepewa pesa ya dawa.
- Chukua majina ya walioona, wakiwa bado mko kazi moja.

3. Fomu ya DOSH/WIBA 1, ndo ya kuripoti ajali kazini. Sehemu moja ya mwajiri, nyingine ya daktari, na daktari ndo aandika asilimia ya ulemavu. Mwajiri ana siku 7 kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, mtu akifariki ni saa 24. Akivuta miguu nenda ofisi ya leba mwenyewe.

4. Dai liingie ndani ya miezi 12 tangu ajali.

5. Hesabu: mshahara wa miezi 96 mara asilimia. Wa 20,000 akipewa asilimia 10 ni 192,000. Ndo maana elfu mbili ya supavaiza isikufumbe macho.

6. Dai likishapelekwa kwa mwajiri au bima yake wana siku 90 kulipa. Hukuridhika na uamuzi wa mkurugenzi, pinga ndani ya siku 60.

MASWALI

Kijana wa Jomvu: kaka pesa yatoka lini?
— Namba 6. Nimeandika.

Kijana wa Jomvu: sasa si niende tu kotini na wakili?
— Mahakama ya Juu ilishasimama na hii sheria 2019. Waanza kwa mkurugenzi, kotini ni rufaa. Soma kwanza ndugu yangu, sikuandika haya yote kujipamba.

Kibarua: mimi nalipwa kila jioni, sina barua wala karatasi ya mshahara. Nahesabika?
— Wahesabika, na ahsante kwa kuuliza manake vibarua wengi hukata tamaa hapo. Kama walipwa kwa M-Pesa toa steitimenti, zile pesa za kila jioni kutoka namba moja zaonyesha mwajiri na kiwango. Kama ni mkononi, weka pasi ya geti, picha ukiwa kazini, na wenzako.

Mama wa Likoni: mume wangu kapunguzwa kazi, serikali hulipa? Nami nina mimba ya miezi saba, niko kazini.
— Pole dadangu. Kenya haina malipo ya serikali ya kukosa kazi. Lakini aliyepunguzwa apewe notisi ya mwezi, siku zake za likizo zilizobaki kwa pesa, na mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya. Wewe una miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili na likizo yako ya mwaka haiguswi, ila andika barua si chini ya siku 7 kabla. Wababa walioko kazini wana wiki 2, wengi hawaombi.

Fundi: masikio yangu yamezibwa na kelele za mashine, hakuna siku moja naweza kusema niliumia.
— Magonjwa ya kazi pia yamo. Pimwa masikio, mwambie daktari umekaa mashine gani na miaka mingapi, uripoti mara tu ukijua.

Kibarua: nyongeza, pigeni picha kila karatasi, langu faili lilipotea.
— Kweli kabisa. Na kopi yako igongwe muhuri wa tarehe pale unapoikabidhi, usiondoke dirishani bila huo muhuri.