Kufunga simu ya mezani ya intaneti kwa usalama na kwa kufuata kanuni

Simu ya mezani ya intaneti ikiungua, wa kwanza kushukiwa ni adapta. Soma kibandiko kilicho chini ya simu, kisha kile cha adapta. Volti lazima zilingane: simu ya volti 5 ikipewa volti 12 inaweza kufa papo hapo. Ampea za adapta ziwe sawa na zinazotakiwa au zizidi. Zikipungua, simu hujizima na kujiwasha, hasa spika ikipazwa sauti. Angalia pia mchoro wa chanya na hasi, kwani plagi inaweza kuenea vizuri kwenye tundu huku ncha zake zikiwa kinyume.

Njia tunayoipendelea ni kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao, kutoka swichi (kifaa kinachogawa mtandao kwa kebo) inayofuata kiwango cha umeme wa kebo cha IEEE 802.3af. Kila tundu lake hutoa hadi wati 15.4, na simu hubakiwa na wati 12.95 mwisho wa kebo ya mita 100. Swichi hiyo hukagua kwanza kama kifaa kinapokea umeme, ndipo hutuma volti 48 hivi. Viko vilisha-umeme vinavyotuma bila kukagua. Hivyo viepuke, maana huunguza vifaa visivyo vyao.

Simu huwa na matundu mawili ya kebo: kebo ya swichi iingie lile la mtandao, si lile la kompyuta, la sivyo simu haitawaka. Na usiunganishe matundu yote mawili kwenye swichi moja: data itazunguka bila kikomo na mtandao mzima unaweza kulala.

Simu hizi ni za ndani. Kebo ya shaba ikipita nje kwenda jengo la pili, radi ikipiga hata jirani, umeme wake huingia hadi kwenye mkonga ulio sikioni mwa mtu. Kati ya majengo tumia faiba, kebo ya mwanga isiyopitisha umeme.

Kuhusu alama za kufuata kanuni: Ulaya hutaka CE, na simu yenye Wi-Fi au Bluetooth huangukia agizo la redio la 2014/53/EU. Marekani, kwenye madaraja ya vifaa ya FCC, mamlaka ya mawasiliano, daraja B ni la makazi, na daraja A ni la maofisini. Usalama wa umeme hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 62368-1, iliyochukua nafasi ya IEC 60950-1. Alama hughushiwa kirahisi, kwa hiyo dai tamko la mtengenezaji na ulinganishe namba ya modeli, herufi kwa herufi.

Jambo linaloweza kugharimu maisha ni namba ya dharura. Mfumo huu haujui simu iko chumba gani. Wewe ndiye unayeandika anwani, ghorofa na chumba, na simu ikihamishwa unaandika upya. Marekani, mifumo ya simu nyingi iliyofungwa baada ya tarehe 16 Februari 2020 lazima iruhusu kupiga 911, namba ya dharura ya huko, moja kwa moja, bila kutanguliza 9 ya kutokea nje. Fanya hivyo popote ulipo. Kabla ya kujaribu, kubaliana na kituo cha dharura.

Umeme ukikatika, simu zote hunyamaza. Simu 20 za wati 6 ni wati 120. Ongeza swichi na ruta, tuseme 45, jumla 165. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ukitumia nusu yake, itazibeba takriban saa 3, ukihesabu na umeme unaopotea njiani. Usisahau kuiunganisha ruta kwenye betri hiyo: simu zinazowaka bila intaneti hazimpigii mtu yeyote.