Jifunze kusoma mawe ya chokaa hapa Dar kabla hujaenda Amboni

Watu wengi wa Dar wakienda mapango ya Amboni kule Tanga wanaingia, wanapiga picha, nusu saa washatoka wanaulizia chakula. Inaniuma kwa kweli, maana yale mawe ya chokaa yana mambo mengi sana ila lazima ujue unaangalia nini, na hilo unajifunza hapahapa mjini bure.

Anzia Coco Beach maji yakiwa yametoka. Achana na mchanga, sogea kwenye yale majabali yenye ncha kali. Yale ni matumbawe ya zamani, yalikuwa hai zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ikiwa juu kuliko leo, bahari iliposhuka yakabaki nje. Chuchumaa kabisa, utaona vitundu kama sega la nyuki na vipande vya kombe vimegandia humo. Okota kipande kilichoanguka chenyewe, kikwangue na msumari upate unga, dondoshea siki. Kikitoa povu hiyo ni chokaa. Ndimu nayo inafanya.

Lile povu ndio siri yote. Mvua inapita hewani na kwenye udongo inachukua hewa ukaa, inakuwa na uchachu kidogo, inaingia kwenye nyufa za mwamba inaula pole pole maelfu na maelfu ya miaka mpaka ufa unageuka pango. Na chokaa iliyoyeyuka haipotei, ule ukoko mweupe kwenye birika la mtu anayechemshia maji magumu ya kisima ndio huohuo.

Sasa safari. Mabasi ya Tanga yapo stendi ya Magufuli pale Mbezi, toka asubuhi ulale Tanga, kesho yake bodaboda au bajaji, ni kilometa 8 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mombasa. Mimi napenda mwezi wa sita, masika imeisha njia imekauka lakini ndani maji bado yanadondoka. Vaa viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika, ndala hapana, kinyesi cha popo kinateleza vibaya. Tochi iwe ya kichwani maana kuna sehemu unainama unahitaji mikono yote miwili. Mwenye pumu avae barakoa.

Mkiwa ndani mwombe anayewatembeza msimame kimya dakika tano tu. Mulika jiwe moja linaloning'inia, angalia ncha yake. Tone linajikusanya, linang'aa, linatetemeka, linakaa hapo mpaka unadhani halitaanguka, halafu linadondoka. Limeacha chokaa kidogo mno hata macho hayaoni, na ukishusha tochi chini yake mara nyingi utakuta jiwe lingine linapanda juu kulifuata lile. Mwaka mzima huwa haliongezeki hata milimita moja! Kwa hiyo usiguse, mafuta ya vidole yanazuia chokaa isishike tena, na nakuomba sana usivunje kipande cha kupeleka nyumbani.

Utasimuliwa kwamba pango linatokea Mombasa au Kilimanjaro. Sikiliza kwa heshima, simulizi za wazee ni sehemu ya pale, ila wataalamu waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Na pale kwenye mzimu ukikuta sadaka za watu usishike wala usipige picha bila kuuliza, wapo wanaokuja kuomba mpaka leo.

Ukitoka usikimbilie gari. Angalia miti iliyoota juu ya mwamba, udongo kiduchu lakini mti mkubwa, fuata mzizi mmoja kwa macho uone unavyoshuka ukutani, unatafuta ufa, unaingia humo kufuata maji yaleyale uliyoyaona yakidondoka ndani.