Chura anakula na bado anakonda: anza na choo chake

Kwetu Likoni chura akiingia ndani hufukuzwa kwa fagio. Huku Columbus, Ohio, ndiye ananitoa usingizini: Shangazi, chura wa mti wa Australia, wa binti yangu. Miezi miwili baada ya kununuliwa alikuwa anafakamia nyenje, na mifupa ya mgongo inachomoza.

Huenda ni minyoo, huenda siyo. Mpime kwanza. Mtie kwenye kikopo juu ya mizani ya gramu, toa uzito wa kikopo, uandike. Rudia kila wiki. Shangazi alikuwa gramu 38. Dawa hukadiriwa kwa uzito, na kwa kiumbe mdogo hivyo tone moja la ziada ni jambo kubwa. Kaka yangu alinishauri kwa simu nimpe dawa ya mbuzi. Usithubutu! Hata kumpaka tu, ngozi ya chura hunyonya.

Halafu choo. Ondoa udongo na majani, tandika tishu za jikoni zilizoloweshwa maji yasiyo na klorini. Akishajisaidia, tia choo kwenye mfuko wa kufungika pamoja na kipande cha tishu mbichi, uweke kwenye friji (mume wangu alinuna siku nzima), ukifikishe kwa daktari wa wanyama ndani ya saa 24. Kikikauka umepoteza safari.

Piga simu kabla ya kwenda, maana madaktari wengi wa mbwa na paka hawatibu vyura. Anayewajua atatazama choo kwa darubini. Mayai machache ya minyoo kwa chura mwenye siha huenda akayaacha tu. Ya Shangazi yalijaa, akapewa fenibendazoli, dawa ya minyoo, ya kunywa, ikarudiwa baada ya wiki mbili.

Kazi kubwa ilibaki nyumbani. Viluwiluwi vya minyoo ya mapafu hupenya ngozini, kwa hiyo tangi likiwa chafu anajiambukiza upya huku anatibiwa. Nilibadilisha tishu kila siku na kuosha bakuli lake kwa maji ya moto. Mshike kwa glavu zisizo na unga, zilizoloweshwa, kisha nawa kwa sabuni. Vyura hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Wadudu wa uani usimpe. Chura mgeni akae peke yake siku 30 angalau.

Shangazi sasa ni gramu 46. Choo cha leo kiko kwenye friji, nyuma ya maziwa, kinasubiri kipimo cha kesho.