Pima Maji ya Ghuba Kabla Bandari Haijaanza Kupanuliwa

Kulalamika kwamba uchimbaji umetibua maji na kuzinyima nyasi bahari mwanga hakuna uzito bila vipimo vya awali. Chukua sahani nyeupe ya kipenyo cha sentimita 30, ining'inize ikiwa mlalo kwa kamba yenye alama kila sentimita 10, na ufunge uzito chini yake. Izamishe karibu na saa sita mchana, upande wa mashua wenye kivuli, bila miwani ya jua. Andika kina inapopotea machoni, kisha inapoonekana tena ukiivuta. Wastani wa vina hivyo viwili ndio kipimo cha uangavu wa maji. Mkondo ukiilaza kamba, namba itazidi kina halisi: ongeza uzito. Rudia palepale wakati wa bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) na baada ya mvua, la sivyo mkandarasi atasingizia tope la mito. Pima pia sehemu iliyo mbali na mradi, ya kulinganishia.