SOMO: Kutumia Tor bila kujianika

Wakuu, kila wiki naulizwa: "Nikiwasha hali fiche si nimejificha?" Hapana. Hali fiche (incognito) ya kivinjari inafuta historia na vidakuzi kwenye kifaa chako tu. Kampuni inayokupa intaneti na tovuti unazoingia wanakuona kama kawaida. Nimechoka kurudia, someni hapa kuhusu Tor, mtandao unaopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta tatu za watu mbalimbali ili usijulikane ulipo.

1. Pakua Tor Browser, kivinjari chake, kwenye torproject.org. Si kwingine.

2. Ifungue, bonyeza kuunganisha. Ikigoma, tumia daraja la Snowflake (njia mbadala ya kuingilia Tor inapozuiwa).

3. Usiongeze viendelezi (programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari). Kila unachoongeza kinakutofautisha na wenzako.

4. Usiingie kwenye akaunti yenye jina lako.

5. Mafaili uliyopakua. Hapa ndipo nilipoumia. Nilipakua waraka kupitia Tor, nikaufungua kwa programu ya kawaida ya ofisi huku intaneti iko hewani. Ndani mlikuwa na picha inayovutwa kutoka seva ya mbali, na programu ile haipiti Tor. IP yangu halisi (anwani inayotambulisha intaneti yangu) ikaenda moja kwa moja. Jioni mwenye waraka akaniandikia, akanitajia mji ninaokaa. Sikulala. Kwa hiyo: ZIMA WiFi na data kwanza, ndipo ufungue. Torrenti (mafaili yanayogawanwa moja kwa moja kati ya kompyuta za watu) nazo usithubutu kuzipitisha humo.

MASWALI

— Mkuu nimefuata zote, mbona Facebook bado inanijua?
— Umeingia kwa akaunti ipi?
— Yangu.
— Hatua ya 4.

— Samahani mkuu, kwa nini inapita kompyuta tatu? Moja haitoshi?
— Swali zuri sana. Ya kwanza inaijua IP yako ila haijui uendako. Ya mwisho inajua uendako ila haikujui wewe. Ya kati inazitenganisha hizo mbili. Ikiwa moja tu, mwenye nayo anajua yote. Ndivyo ilivyo VPN, huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya kampuni moja: unamwamini mtu mmoja. Angalia pia anwani ianze na https, la sivyo ile ya mwisho inaweza kusoma unachoandika.

— Mbona iko slo hivyo? Haina maana hii.
— Inazunguka kompyuta tatu. Kama haraka ndiyo shida yako, tumia kivinjari chako cha kawaida.

— Nyongeza: picha za simu hubeba eneo ulipozipigia kama GPS ya kamera imewashwa. Mimi huifungua picha kwenye simu, napiga picha ya skrini (screenshot), natuma hiyo.
— Asante mkuu, hilo nililisahau. Kata na ukingo wa juu, jina la mtandao wako wa simu huonekana pale.