SOMO: Namna ya kumsikiliza Malcolm Young wa AC/DC na kuikaribia sauti ya gitaa lake

Wakuu habari zenu. Ukitaja AC/DC, ile bendi ya roki ya Australia, kila mtu anamkumbuka Angus, yule mwenye kaptula ya shule anayekimbia jukwaa zima, na mimi Angus nampenda sana, ila gitaa linaloibeba ile bendi ni la kaka yake Malcolm. Yeye alikuwa anasimama nyuma pembeni ya dramu anapiga ridhimu (gitaa la kushikilia mapigo na kodi, siyo la solo; kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), kiitikio kikifika anasogea kwenye maiki anaitikia halafu anarudi zake kwenye amplifaya. Alizaliwa Glasgow, Uskoti, Januari 1953, familia ikahamia Sydney 1963, na miaka kumi baadaye yeye ndiye akaianzisha bendi na kumvuta mdogo wake. Kwangu hakuna mpiga ridhimu wa roki aliyemfikia, lakini watu wakianza kutaja magwiji wa gitaa jina lake linarukwa. Sisi tuliokulia kwenye dansi tungepaswa kumwelewa haraka, maana tunajua ridhimu ikilegea solo linabaki linaelea, na tunajua Simaro Lutumba alikuwa mtu wa ridhimu pale OK Jazz ya Kongo na heshima aliyopewa haikuwa ndogo.

Twende kazi.

HATUA YA 1: Vaa hedifoni, usisikilizie spika ya simu. Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Kwenye rekodi zao nyingi gitaa la Malcolm limewekwa sikio la kushoto na la Angus kulia, sasa simu yenye spika moja inayachanganya yote unasikia ukuta mmoja tu, na ndiyo maana watu wengi wanadhani ni gitaa moja kubwa. Chukua albamu ya Back in Black ya 1980, weka ule wimbo wenye jina la albamu, toa hedifoni ya kulia ubaki na kushoto peke yake. Usikilize wimbo mzima hivyo hivyo. Halafu geuza, sikiliza kulia peke yake. Utashangaa kitu kimoja, sauti ya kushoto ni safi kuliko ulivyotegemea, haikwaruzi sana, kila uzi kwenye kodi unausikia.

HATUA YA 2: Sikiliza pale asipopiga. Rudia huo huo wimbo, mwanzoni kabisa. Inakuja kodi ya E, kimya, zinakuja za D, kimya, zinakuja za A. Kwenye kile kimya dramu za Phil Rudd zinaendelea kutembea na gitaa limezimwa kabisa, hakuna mlio unaovuja. Kuzima nyuzi kwa wakati ni kazi ya mikono miwili, kiganja cha kulia kinalala juu ya nyuzi na vidole vya kushoto vinaachia kukandamiza bila kubanduka, na Malcolm anafanya hivyo kila mzunguko, sehemu ile ile, kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Mimi hapa ndipo ninapomwona fundi. Mtu anayepiga noti mia kwa mpigo unaweza kumpigia makofi, lakini jaribu wewe kuacha nafasi zile zile dakika nne bila kuyumba.

Kisha weka Highway to Hell, 1979. Kwenye beti za mwanzo hakuna besi kabisa, ni dramu na magitaa tu, besi inasubiri kiitikio. Na hukuwahi kuona pengo lolote, kwa sababu kodi anazopiga ni za wazi, zile A, D na G za karibu na kichwa cha gitaa ambazo mwanafunzi anafundishwa wiki ya kwanza. Nyuzi zinazoachwa wazi zinalia kwa uzito wake.

HATUA YA 3: Mtazame. Tafuta shoo ya Donington ya 1991 au ile ya River Plate, Buenos Aires, ya 2009, achana na Angus kwa muda, mfuate Malcolm kila kamera ikimpata. Angalia kiwiko na kifundo cha mkono wa kulia, anashusha kwa nguvu na mguu unahesabu.

HATUA YA 4: Vyombo vyake. Gitaa lake kuu maisha yote ni Gretsch Jet Firebird ya 1963, alipewa na Harry Vanda aliyekuwa bendi moja na kaka yao George, The Easybeats. Lilikuwa jekundu, akalikwangua rangi likabaki mbao tupu, akang'oa pikapu (kile kifaa kinachonasa mlio wa nyuzi) ya upande wa shingo akabaki na ile ya karibu na daraja tu, yaani pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, matundu unayaona mpaka leo kwenye picha. Ndani mbao yake ina uvungu, siyo gumu lote. Nyuzi ni nene balaa, seti ya 12 mpaka 56 (unene kwa elfu za inchi, uzi mwembamba kabisa hadi mnene kabisa), na uzi wa tatu ni wa kuviringishiwa waya, wapiga roki wengi wanatumia 9 au 10. Amplifaya ni Marshall Super Bass, iliyotengenezwa kwa ajili ya besi kwa hiyo inachelewa kukwaruza, na yeye anaiweka pale pale inapotaka kuanza kukwaruza tu. Mkwaruzo uliobaki unatoka mkononi.

HATUA YA 5: Jaribu na ulichonacho. Chagua pikapu ya daraja. Geini (kitufe cha amplifaya kinacholeta mkwaruzo) shusha mpaka uogope, kwenye 3 hivi, halafu volyumu ndiyo upandishe. Besi ya amplifaya punguza, midi (sauti za kati) ongeza. Chapa nyuzi kwa nguvu, ukiona sauti bado nyembamba usikimbilie geini, ongeza mkono. Weka metronomu (kifaa au app ya kuhesabu mapigo) taratibu, piga A na D tu, na zima nyuzi kila baada ya kodi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi nina gitaa kavu tu (lisilo la umeme), somo hili linanihusu?
Jibu: Linakuhusu sana kaka, hatua ya 2 na mazoezi ya kuzima nyuzi gitaa kavu linakufundisha vizuri zaidi kwa sababu hakuna geini ya kukuficha.

Swali: Nikifunga nyuzi za 12 kwenye gitaa langu la bei rahisi shingo haitapinda?
Jibu: Mvuto unaongezeka kweli, shingo itajikunja kidogo na ule mfereji wa juu unaoshika nyuzi unaweza kuwa mwembamba kwa nyuzi nene. Anza na 10, ukizoea nenda 11, na ukitaka 12 mpelekee fundi arekebishe chuma cha ndani ya shingo na apanue mfereji. Usilazimishe mwenyewe.

Swali: Kama alikuwa mkali hivyo mbona solo anamwachia mdogo wake?
Jibu: Dada, kupiga solo alikuwa anapiga, kwenye albamu yao ya kwanza iliyotoka Australia 1975 kuna sehemu wanapokezana. Aliamua mwenyewe kubaki kwenye ridhimu, na rifu nyingi (vile vipande vya gitaa vinavyojirudia) unazoziimba mdomoni zimetoka kwake au kwao wawili pamoja.

Swali: Sasa hivi nani anapiga nafasi yake?
Jibu: Stevie Young, mtoto wa kaka yao. Malcolm aliacha 2014 kwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akafariki Novemba 18, 2017, wiki chache tu baada ya kaka yake George. Stevie aliwahi kumshikia nafasi hata 1988 kwenye ziara ya Marekani.

Swali: Nyimbo zao si zinafanana zote?
Jibu: Kodi zinafanana, mahali zinapodondokea hapafanani. Rudia hatua ya 1 na nyimbo tatu tofauti, sikio la kushoto peke yake, halafu uje tuongee.

Swali: Naomba albamu ya kuanzia tofauti na hizo mbili maarufu.
Jibu: Powerage ya 1978, halafu Let There Be Rock ya 1977. Ukimaliza nenda Stiff Upper Lip ya 2000, George ndiye aliyekuwa prodyuza wake, watu wanaipita ila magitaa yake yamesikika wazi sana.