Kusoma huku unafuma, mbona inawezekana

Wengi wanadhani lazima uchague moja, kitabu au uzi, kumbe vyote vinaenda pamoja ukijipanga tu. Chagua kazi nyepesi, mfano skafu ya kroshia iliyonyooka ambayo mkono unaenda wenyewe, yale maua ya kuhesabu hesabu achana nayo maana hadithi ikinoga tu ushasahau umefika ngapi. Uzi uwe mnene kiasi, sindano ya mm 5 hivi, na rangi iliyokolea sana kama nyeusi usiguse, vitanzi havionekani.

Kitabu cha karatasi kiegemeze kwenye mto, kurasa uzibane na vibanio vya nguo. Kwenye simu kuza herufi. Mi napenda zaidi vitabu vya kusikiliza, macho yanabaki kwenye kazi.

Sasa shida kubwa ni pembeni, unaruka kitanzi cha mwisho bila kujua na skafu inaanza kuwa nyembamba, kwahiyo kila ukianza mstari chomeka kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha kwanza, ukirudi unajua pa kuishia. Kuhesabu subiri sura iishe. Na vitanzi vikianza kubana ghafla ujue ni hadithi hiyo imekukaza mikono, legeza kidogo uendelee.